Vazi la Asili Haliundwi na Kamati

Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa. Maoni yalikusanywa, wabunifu wakachora, vazi likaonyeshwa hadharani kwa matumaini makubwa. Leo ni nadra kumwona mtu amelivaa harusini, kanisani au kwenye sikukuu ya Jamhuri. Tanzania nayo imeunda kamati ya kutafuta vazi la taifa zaidi ya mara moja, na kila mara mjadala umepamba moto kisha ukapoa. Wakati huohuo, katika nchi hizohizo, hakuna kamati iliyowahi kukaa na kuamua kwamba mzazi apelekewe doti ya kanga, kwamba mwari afundwe akiwa amejifunga kanga, au kwamba mwanamke asiingie msibani bila kanga kiunoni. Mambo hayo yameshika bila waraka wa serikali.

Tofauti hiyo inastahili kuchunguzwa, kwa sababu inagusa swali ambalo mataifa mengi yanajiuliza: vazi la asili ni lipi, na ni nini hulifanya lidumu? Jibu la haraka ni kwamba vazi la asili ni lile la kale, lililorithiwa kwa mababu bila kuguswa na mgeni. Historia ya mavazi duniani hailiungi mkono jibu hilo. Ukiipitia mifano ya Afrika, Asia, Ulaya na Amerika, unaona kwamba vazi hudumu pale penye shughuli inayolihitaji, na pale wanaolivaa wanapokuwa na kauli juu yake. Umri wa vazi na mahali kitambaa kilikofumwa ni mambo yanayokuja baada ya hayo.

Umri hautoshi

Tuanze na kanga yenyewe. Haijatimiza hata miaka mia mbili. Katikati ya karne ya 19, nguo iliyotawala masoko ya Zanzibar na bara ilikuwa merikani, pamba ngumu iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikafungua ofisi ya konseli Zanzibar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata mzigo huo, vitambaa kutoka India na Uingereza vikaziba pengo. Katika miongo iliyofuata wanawake wa pwani walianza kuunganisha leso, vile vitambaa vya mraba vilivyojulikana tangu enzi za Wareno, wakapata nguo pana ya kujifunga na kujitanda. Wafanyabiashara walipoona soko, wakaagiza nguo iliyochapishwa nzima. Mombasa jina linalotajwa zaidi ni la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na ambaye husifiwa kwa kueneza maandishi kwenye leso. Viwanda vya Ulaya, India na Japani vilichapa kanga kwa ajili ya wanawake wa Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya kiwanda cha Urafiki kuanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Kitambaa kilitoka mbali, lakini uamuzi ulifanyika hapa. Wanawake wa Unguja na Mombasa ndio walioamua rangi zipi zinunuliwe na zipi zioze dukani, pindo na mji vikae vipi, na jina gani linafaa kusomwa na jirani. Nyuma ya uteuzi huo palikuwa na sababu nzito. Wakati wa utumwa, nguo ya mwanamke mtumwa ilikuwa merikani au kaniki, isiyo na nakshi wala neno. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka kifungoni waliitupa kaniki na kujipamba kwa kanga za rangi. Walitaka mji wote uone kwamba wao sasa ni watu huru wenye haki ya kuchagua. Kanga ikawa ya asili kwa sababu ilibeba jambo kubwa lililotokea katika maisha ya watu hawa, ingawa mashine iliyoichapa ilikuwa Ulaya.

Historia kama hiyo imejirudia kwingine. Nchini Uganda, kanzu anayovaa mwanamume wa Kiganda chini ya koti siku ya kuposa ilifika Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Gomesi ya mwanamke, yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, hutajwa kuwa kazi ya fundi cherehani Mgoa aliyeitwa Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20, na inahusishwa na shule ya wamisionari ya wasichana ya Gayaza. Mmisionari, fundi kutoka Goa na wasichana wa Kiganda walichangia nguo moja, na leo hakuna Mganda atakayekubali kuambiwa kwamba gomesi si yake.

Mfano unaouma zaidi uko Namibia. Wanawake wa Kiherero huvaa gauni refu lenye tabaka za sketi ndani, lililotokana na mavazi ya wake wa wamisionari wa Kijerumani wa karne ya 19. Kati ya 1904 na 1908 jeshi la Ujerumani liliua sehemu kubwa ya Waherero na Wanama, na mauaji hayo serikali ya Ujerumani yenyewe iliyakubali mwaka 2021 kuwa ya kimbari. Waliosalia hawakuivua nguo iliyofanana na ya watesi wao. Walilitanua gauni, wakalishona kwa vitambaa vya rangi kali, na kichwani wakafunga kilemba chenye ncha mbili mithili ya pembe za ng'ombe, mnyama anayebeba utajiri na heshima ya taifa lao. Wanaume nao huandamana katika siku za kumbukumbu wakiwa na sare za mtindo wa jeshi lililowaua babu zao. Anayeliita vazi hilo la kuiga hajaona kazi iliyofanyika ndani yake: watu walilichukua umbo la mshindi na kulitumia kuwakumbuka wafu wao.

Kwenye milima ya Andes mambo yalikwenda hivyohivyo. Kiongozi wa uasi Túpac Amaru wa Pili alipouawa mwaka 1781, watawala wa Kihispania walipiga marufuku mavazi ya Wainka. Sketi pana ya pollera, yenye asili ya Uhispania, ikashika miilini mwa wanawake wa Kiaymara na Kikechua, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaongezewa kofia ya duara iliyotoka Ulaya. Kwa miongo mingi mwanamke mwenye pollera alidharauliwa mjini La Paz. Mwaka 2006 Casimira Rodríguez, Mkechua aliyewahi kuwa mtumishi wa ndani, aliapishwa kuwa waziri wa sheria wa Bolivia akiwa na pollera yake. Nguo iliyotoka kwa mtawala imekuwa alama ya waliotawaliwa.

Kazi ambayo nguo inafanya

Kama si umri, basi ni nini? Tazama kazi. Kila vazi lililodumu lina kazi ambayo nguo nyingine haiwezi kuifanya vizuri, na kazi hiyo mara nyingi imo ndani ya ushonaji wenyewe.

Kimono hutokana na jora jembamba, lenye upana wa takriban sentimita 36 na urefu wa takriban mita 12. Hukatwa vipande vilivyonyooka, pasipo kitambaa kutupwa. Zamani ilikuwa kawaida kuifumua mishono yake yote, kufua vipande, kisha kuishona upya. Mama aliweza kumrithisha binti yake, na pale palipochakaa pakageuzwa au pakafichwa. Sari ya India haikatwi wala haishonwi: ni kitambaa cha mita tano hadi tisa hivi kinachofuata mwili unaponenepa, unapobeba mimba na unapozeeka. Kanga nayo ni mstatili tu, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu, na kwa hiyo inatosha kuwa mbeleko, shuka, kilemba, pazia na nguo ya heshima ya kufunika mwili wa marehemu. Nguo za namna hii zilitengenezwa na watu waliojua gharama ya uzi. Zinaheshimu kitambaa.

Kazi nyingine ni kusema. Kwa Waasante wa Ghana, kente hufumwa kwa kanda nyembamba, kisha kanda hizo huunganishwa kwa mshono kuwa nguo moja kubwa, na kila mchoro una jina lake, la mfalme, la tukio au la methali. Wafumaji wa kale walifumua hariri iliyoletwa na wafanyabiashara wa Ulaya ili wapate uzi wa rangi walizotaka. Japani, mikono mirefu ya kimono ya furisode humtambulisha msichana ambaye hajaolewa. Guatemala, nakshi ya huipil, ile blauzi ya Wamaya inayofumwa kwa kitanda kinachofungwa kiunoni, ilimtambulisha mvaaji kuwa wa kijiji fulani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996, jeshi lilipoviandama vijiji vya Wamaya, utambulisho huo ukawa hatari, na wako wanawake waliovua huipil zao au kuvaa za vijiji vingine ili wasijulikane walikotoka. Rigoberta Menchú alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1992 akiwa na huipil, ulimwengu uliona nguo ambayo watu wake walikuwa wameuawa nayo mwilini.

Hapo ndipo vazi la kamati linapokwama. Kamati inaweza kuchagua rangi za bendera na ushanga wa makabila kumi, ikaridhisha kila mkoa. Haiwezi kuchagua shughuli. Likishashonwa, mwananchi anauliza: nilivae lini, nikienda wapi, nikimwambia nani nini? Akikosa jibu, linabaki kwenye picha za uzinduzi.

Amri ya kuvua, amri ya kuvaa

Serikali nyingi zimejaribu kuamulia watu nguo, na matokeo yao yanafundisha.

Baada ya kuwashinda waasi wa Uskoti kwenye vita vya Culloden, bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 ya kuwazuia wanaume wa milima ya Uskoti kuvaa kilti na nguo za tartani. Kosa la kwanza lilikuwa na kifungo cha miezi sita, la pili kupelekwa ng'ambo miaka saba. Wanajeshi wa vikosi vya milimani waliruhusiwa. Sheria ilifutwa mwaka 1782, na mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh akiwa amevaa kilti, katika sherehe zilizoandaliwa na mwandishi Walter Scott. Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa utamaduni dhidi ya sheria. Ukweli ni mchungu zaidi. Miaka 36 ilitosha kuikata nguo hiyo na kazi ya kila siku ya wachungaji na wakulima. Iliyorudi ilikuwa nguo ya sherehe, iliyopendwa na mabwana na jeshi, na sehemu kubwa ya mpangilio wa tartani moja kwa kila ukoo iliundwa katika karne ya 19. Kilti imepona, lakini imepona kama vazi la harusi na gwaride.

Uturuki inaonyesha jinsi amri inavyoweza kugeuka. Sultani Mahmud wa Pili aliwavalisha watumishi wake tarbushi mwaka 1829 badala ya kilemba, kwa jina la usasa. Mwaka 1925 jamhuri ya Mustafa Kemal ikaipiga marufuku tarbushi hiyohiyo, kwa jina la usasa vilevile. Katika muda usiofika miaka mia moja, kofia moja ilikuwa mpya ya kulazimishwa, kisha ikawa ya kale ya kuadhibiwa.

Nasi tunalo letu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mamlaka mkoani Arusha ziliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi, lubega na ukaria, ule udongo mwekundu wa kujipaka, wavae suruali, kwa hoja kwamba taifa jipya haliwezi kuendelea huku raia wake wakiwa hivyo. Kuanzia Januari 1969 Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ikaandama sketi fupi, suruali za kubana na mawigi mijini. Mmasai aliambiwa amebaki nyuma mno, msichana wa Dar es Salaam akaambiwa amekwenda mbele mno, na wote wawili hawakuulizwa. Kampeni ya Umasaini haikufua dafu, na sababu si siri: ufugaji uliendelea, rika ziliendelea, tohara na vikao vya wazee viliendelea, na shughuli hizo zote ziliihitaji shuka. Leo shuka hiyohiyo hupamba mabango ya kuvutia watalii. Yafaa tukumbuke hilo kila tunapoisifu.

Kinyume chake ni amri ya kuvaa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mobutu Sese Seko wa Zaire alipiga vita suti na tai kwa jina la uhalisi wa Kiafrika, akawavalisha wanaume abacost, koti lisilo na tai, huku wanawake wakikatazwa suruali. Alipolegeza utawala wake mwaka 1990, abacost ilianza kutoweka haraka. Kikwembe cha mwanamke wa Kongo hakikutoweka, kwa sababu hakikumtegemea Mobutu: kilikuwa cha mahari, cha msiba, cha kanisa, cha kushonwa sare na wenzake tarehe 8 Machi. Bhutan nayo mwaka 1989 iliamuru gho kwa wanaume na kira kwa wanawake katika ofisi na shughuli rasmi. Nguo hizo ni nzuri na zinafumwa kwa ustadi mkubwa, na Wabhutan wengi wanazipenda. Lakini kwa raia wa kusini wenye asili ya Kinepali, amri hiyo ilikuja pamoja na sera zilizowabana, na miaka ya mwanzo ya 1990 zaidi ya 80,000 kati yao waliishia kambini Nepal. Nguo ikitumika kupima nani ni raia wa kweli, uzuri wake hauwezi kuisafisha.

Mifano hii ikipangwa pamoja, inatoa kanuni moja. Amri ya kuvua hufaulu ikiharibu pia maisha yaliyoihitaji nguo, au ikidumu kiasi cha kukata urithi wa kizazi kizima. Amri ya kuvaa hudumu kwa kadiri mtoa amri anavyodumu, isipokuwa nguo iwe tayari na mizizi yake.

Mikono na malipo

Lakini shughuli peke yake haitoshi ikiwa wenye mikono wanakufa njaa. Hili ndilo eneo ambalo mijadala yetu hulipita haraka, na ndilo lenye maslahi makubwa zaidi.

Chukua nguo ya gome la mutuba ya Buganda. Fundi huchuna gome msimu wa mvua, hulipiga kwa nyundo za mbao kwa saa nyingi hadi liwe laini na pana, na huufunika mti kwa majani ya migomba ili uote gome jingine. Pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa pwani iliisukuma nguo hii nje ya matumizi ya kila siku tangu karne ya 19. Ilisalia kwa sababu kutawazwa kwa Kabaka, mazishi na makaburi ya kifalme ya Kasubi yaliendelea kuihitaji. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu. Heshima hiyo ni njema, lakini cheti hakimlishi fundi. Kinachomlisha ni mteja.

Na mteja anaweza kuibwa. Michoro ya kente imekuwa ikichapwa viwandani nje ya Ghana na kuuzwa kwa bei ambayo mfumaji wa kijiji cha Bonwire hawezi kushindana nayo, na hilo halikukoma baada ya sheria ya Ghana ya 2005 kuilinda sanaa ya jadi, wala kente ilipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024. Mwaka 2015 watu wa Santa María Tlahuitoltepec, kijiji cha Oaxaca nchini Meksiko, walilalamika kwamba blauzi yao ya kudarizi imenakiliwa na mbunifu wa Ufaransa Isabel Marant. Meksiko ilipitisha mwaka 2022 sheria inayozitambua jamii za asili kuwa wamiliki wa urithi wao. Guatemala, baada ya kesi ya wanawake wafumaji wa Kimaya, Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi mwaka 2017 ikilihimiza bunge litunge sheria ya kulinda nakshi zao. Wafumaji hao walidai kitu rahisi kukieleza: anayeuza nakshi yetu atuombe ruhusa na atulipe.

Kwetu, Wamasai wameanza kudai haki hiyo kwa jina lao, rangi zao na shanga zao, ambazo kampuni za nje zimezitumia kuuzia bidhaa. Wanastahili kuungwa mkono na serikali zote mbili, ya Kenya na ya Tanzania, kwa sababu hakuna ukoo wa wafugaji unaoweza kumkabili peke yake mwanasheria wa kampuni kubwa. Wafumaji na viwanda vyetu nao wanabanwa upande wa pili na mitumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kufunga milango ya soko lake, wengine wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya ushuru wa nguo mwaka 2018. Mjadala wa vazi la taifa usiozungumzia pamba, uzi, ushuru na ujira wa fundi ni mjadala wa mapambo.

Lipi la kufanya

Kamati za vazi la taifa hazikuwa na nia mbaya. Ziliuliza swali lisilofaa: tuvae nini sote? Nchi yenye watu wa pwani, wa maziwa, wa nyanda za ufugaji na wa milimani haihitaji jibu moja. Swali linalofaa ni: ni shughuli gani za heshima tumezifungia mavazi yetu, na tutazifungua vipi?

Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alitangaza kwamba suti za Kaunda na mavazi ya jadi ya Kiafrika hayaruhusiwi ndani ya bunge. Nchi iliyowahi kutafuta vazi la taifa ilikuwa imelifungia nje ya chumba chake kikuu. Linganisha na usiku wa Machi 1957, Kwame Nkrumah alipotangaza uhuru wa Ghana akiwa na fugu, ile nguo ya kufumwa ya watu wa kaskazini. Hakumlazimisha mtu. Aliipa nguo iliyokuwapo nafasi katika saa kubwa kuliko zote za nchi yake.

Hilo linawezekana kwetu kesho asubuhi, bila bajeti ya uzinduzi. Mabunge, mahakama, vyuo vikuu na ofisi za umma zifute kanuni zinazohesabu tai kuwa heshima na kanzu, kikoi au kitenge kuwa utovu wa heshima. Shule ziruhusu siku ya mavazi ya jamii za wanafunzi, na vyuo vya ufundi vifundishe kufuma, kudarizi na kupiga gome kwa cheti sawa na cha useremala. Serikali zinunue majoho, zawadi na mapambo ya hafla zake kwa mafundi wa nchini kwa bei ya haki, na zitunge sheria inayomwezesha mfumaji kushtaki. Baada ya hapo ziwaachie watu. Wanawake wa Unguja mwaka 1897 hawakusubiri waraka, na walichokichagua kingali kinavaliwa.